Kosa dogo machoni pa nani?

Masomo: Luka 18:1-8, Mhubiri 8:11, Matendo 6:1-7

 

Tunawasalimu ninyi mnaotusikia kwa redio asubuhi hii, na ninyi mtakaosoma karatasi hii baadaye katika vikundi vya maombi vya nyumbani. Wamama mlio jikoni, vijana mlio njiani kwenda shamba, wagonjwa mlio kitandani, amani ya Bwana iwe nanyi. Fungueni Biblia zenu kwenye Luka sura ya 18, muweke alama hapo. Tutarudi. Lakini kwanza tutawapeleka katika mji mmoja wa mbali, kwa sababu yaliyotokea huko yanatugusa kuliko tunavyofikiri.

Mji wa Topeka

Mji huo unaitwa Topeka. Ni mji mkuu wa jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Sisi Wapentekoste tunapaswa kulijua jina hilo. Tulipokuwa wanafunzi katika shule ya Biblia tulilikuta kwenye somo la historia ya kanisa. Tarehe 1 Januari 1901, katika shule ndogo ya Biblia iliyoongozwa na mhubiri Charles Parham mjini humo, dada mmoja mwanafunzi, Agnes Ozman, aliwekewa mikono akasema kwa lugha mpya. Miaka michache baadaye Parham alifundisha pia Houston, Texas. Mhubiri mweusi William Seymour alitaka kujifunza huko, lakini kwa ajili ya ubaguzi wa rangi hakuruhusiwa kuketi darasani pamoja na wazungu. Alisikiliza masomo akiwa nje ya mlango. Na ni huyo aliyeachwa nje ya mlango ambaye Mungu alimtumia mwaka 1906 katika barabara ya Azusa, Los Angeles, na moto ule ukaenea duniani. Mwaka 1915 wamisionari wa Kipentekoste William Burton na James Salter walikuwa wamekwisha kufika Mwanza, huku kwetu Katanga.

Basi Topeka si mji wa watu wasiolijua jina la Yesu. Tunasema hivyo mapema, ili mtu asije akajificha na kusema: hayo ni mambo ya wapagani.

Sasa sikieni yaliyotokea mwaka 2011. Mtikisiko wa fedha wa mwaka 2008 ulikuwa umepunguza mapato ya serikali nyingi za Marekani, kubwa na ndogo. Kila ofisi iliambiwa ikate matumizi. Huko kila wilaya ina mwendesha mashtaka wake, mkubwa wa parke kama tunavyosema kwetu, anayechaguliwa kwa kura, na fedha za ofisi yake zinapangwa na baraza la wilaya. Mji wa Topeka uko katika wilaya ya Shawnee. Baraza la wilaya hiyo liliamua kukata bajeti ya mwendesha mashtaka kwa asilimia 10. Mwendesha mashtaka wa wakati huo, Chad Taylor, akatangaza mwezi wa Septemba: watumishi hawatatosha. Kwa hiyo makosa madogo yanayotendwa ndani ya mji, ofisi yake haitayafuata tena. Mji wenyewe uyafuate.

Na katika hayo makosa madogo, wapenzi, kulikuwa na kosa la mtu kumpiga mke wake.

Hapa tueleze kidogo. Kwa sheria ya kule, makosa yamegawanyika. Kuna makubwa, kama kuua au kuiba kwa silaha. Kuna madogo, ambayo kifungo chake kwa kawaida hakipiti mwaka mmoja. Mume akimpiga mke wake ngumi na mateke, bila silaha na bila kumjeruhi vibaya, mara nyingi kesi hiyo inaandikwa katika fungu la madogo. Kwenye karatasi inakaa pamoja na wizi wa vitu vya bei ndogo dukani.

Mji nao ukajibu: sisi hatuna fedha za kazi hiyo. Hiyo ni kazi ya wilaya. Wilaya inasema mji, mji unasema wilaya. Katikati ya mabishano hayo polisi waliendelea kuitwa usiku, waliendelea kukamata, na wanaume waliokamatwa kwa kupiga wake zao wakaachiliwa bila kushtakiwa. Si mmoja wala wawili, walipita kumi. Walirudi wapi? Kila mmoja wetu anajua nyumba ipo wapi, na nani aliyekuwa ndani ya nyumba.

Halafu likatokea jambo ambalo tulipolisoma mara ya kwanza tulifikiri tumesoma vibaya. Tarehe 11 Oktoba 2011 baraza la mji wa Topeka lilipiga kura, 7 dhidi ya 3, kufuta sheria ya mji iliyokataza kupiga mtu wa nyumbani. Hawakuwa wanapenda wanawake wapigwe. Sheria ya jimbo la Kansas ilibaki palepale. Hesabu yao ilikuwa hii: kama mji hauna tena sheria hiyo, basi kesi hizo zitakuwa za sheria ya jimbo peke yake, na mwendesha mashtaka wa wilaya atalazimika kuzichukua. Na kweli, kesho yake alitangaza kwamba atazichukua, ijapokuwa fedha na watumishi wake ni wachache.

Mabishano yalimalizika. Lakini yalidumu zaidi ya mwezi mmoja. Katika mwezi huo wakubwa walikuwa wanasukumana, na mwanamke aliyepigwa ndiye aliyekuwa jiwe la kusukumia.

Jambo la kwanza: udogo wa kosa unapimwa na nani?

Tusimhukumu yule mwendesha mashtaka haraka. Bajeti yake ilikatwa kweli. Mtu mwenye wafanyakazi wachache na mafaili mengi lazima achague. Akiacha mwuaji na kumfuata mwizi wa kuku, watu watamlaumu, na watakuwa na haki. Anayeshika mfuko anaujua uzito wa mfuko.

Lakini swali la mahubiri haya ni hili: tunapopanga kubwa na dogo, tunasimama upande gani tukipima? Ukisimama mezani penye kalamu na hesabu, kofi ni jambo dogo. Ukisimama jikoni, mbele ya mtu anayerudi usiku na kufunga mlango kwa ndani, kofi si jambo dogo. Kofi la leo linasema kuna lingine kesho. Watoto wanaolala chumba cha pili wanasikia. Mtoto wa kiume anajifunza namna baba anavyofanya. Mtoto wa kike anajifunza namna mama anavyonyamaza.

Mhubiri 8:11 inatufundisha kwamba hukumu ya tendo ovu ikichelewa, moyo wa mwanadamu unapata ujasiri wa kuendelea na ubaya. Angalieni vizuri: Neno halisemi hukumu ikiwa nyepesi. Linasema ikichelewa. Mtu anayepiga anasubiri aone kama kuna atakayekuja. Siku ya kwanza anaogopa. Juma la kwanza anaomba msamaha. Asipokuja mtu, mwezi wa pili haombi tena msamaha. Ndiyo maana mengi ya makosa makubwa yaliyoko katika mahakama zetu, ukiyafuata nyuma, utakuta yalikuwa madogo, na kuna mahali yalipopita mlangoni mwa mtu akasema: hilo si la kwangu.

Jambo la pili: kusukumana hakuoshi mikono

Katika Matayo 27 Pilato aliomba maji akanawa mikono mbele ya watu. Kabla ya hapo, Luka anatuambia, aliposikia kwamba Yesu ni mtu wa Galilaya alimpeleka kwa Herode. Herode naye akamrudisha. Wilaya inapeleka mjini, mji unarudisha wilayani. Kusukumana kumeanza zamani sana. Lakini mpaka leo, jina la Pilato linatajwa kila mahali Wakristo wanapokiri imani. Maji yale hayakumsafisha.

Na sisi Wakongomani tusiwacheke watu wa Topeka. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 14, inaagiza viongozi wa serikali kupigana na kila namna ya ukatili juu ya mwanamke, hadharani na hata ndani ya maisha ya nyumbani. Maneno mazuri tunayo. Lakini tunajua safari ya mama aliyepigwa. Anakwenda kwa shefu wa kartie. Shefu anamwambia aende polisi. Polisi mtu anauliza nauli ya pikipiki ya kumfuata mume, na pesa ya karatasi. Mama hana. Anarudi kwa familia. Familia inasema, ulipeleka mahari yetu wewe? Rudi kwa bwana yako. Mwisho anakuja kanisani. Kanisa ndilo mlango wa mwisho.

Na hapo, wapenzi, tunapaswa kusema habari zetu wenyewe.

Jambo la tatu: sisi nasi tulikata bajeti

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alikuja kutuona. Hatutamtaja, na msimtafute. Ilikuwa siku ya kamati. Tulikuwa tumekaa na wazee na mashemasi tunahesabu pesa za mabati, maana masika ilikuwa inakaribia na upande mmoja wa kanisa ulikuwa wazi. Mama alikuwa amefunga kitambaa kikashuka mpaka juu ya jicho. Hatukumwuliza kwa nini. Tulijua. Bwana yake alikuwa mtu wetu, mtu mwenye kutoa vizuri, na katika zile pesa za mabati mkono wake ulikuwepo.

Tulitoka nje tukasimama naye dakika chache. Tulimwambia: mama, rudi nyumbani, uombe, uvumilie, tutakuja kuzungumza na baba. Tulimwekea mikono tukamwombea. Tukarudi kwenye mabati.

Juma lile hatukwenda. Juma lililofuata kulikuwa na semina. Alikuja tena, tulimpa maneno yaleyale. Mara ya tatu hakuja kwa miguu yake. Majirani walimbeba kwa pikipiki usiku wakampeleka hospitali na mkono umevunjika mahali pawili. Tulipofika asubuhi kumwona, tulikuwa na machungwa na Biblia. Hakutulaumu. Alituuliza jambo moja tu: kama mabati yalipatikana.

Mama yule yuko hai, Mungu ni mwema. Lakini mkono ule hauinui jembe tena.

Hakuna baraza lililokata bajeti yetu, ndugu. Tuliikata sisi wenyewe. Tulikuwa na saa, tukazipeleka kwenye mabati. Tulikuwa na pesa, hatukutoa hata franka za pikipiki. Tulikuwa na mamlaka ya kumwita mtu yule mbele ya wazee, tukaogopa mkono wake wa kutoa. Na tulifunika yote kwa maombi. Tunasema haya kwa redio kwa sababu tulikosa kwa siri, na kosa la siri linapenda kurudiwa. Tulimwomba mama yule msamaha mbele ya wazee. Leo tunauomba tena mbele ya kanisa lote.

Bwana Yesu alisema kwamba hazina yako ilipo ndipo na moyo wako utakapokuwa. Mara nyingi tunalihubiri neno hilo siku ya sadaka. Lakini ni neno la bajeti. Mtu akitaka kuujua moyo wa kanisa, asisikilize kwaya. Aombe daftari la mhasibu.

Jambo la nne: mitume walipopungukiwa walifanya nini?

Sasa fungueni Matendo sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa limeongezeka, na watumishi hawakutosha. Wajane waliosema Kiyunani walianza kusahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Tazama, tatizo ni lilelile: kazi nyingi, watu wachache, na anayeumia ni mjane, na mjane mwenyewe ni wa kabila la pembeni.

Mitume wangeweza kusema: wajane ni jambo dogo, sisi tuna Neno. Wangeweza kusema: Wayunani wajitafutie wenyewe. Hawakusema hivyo. Waliita mkutano. Walikiri kwamba wao peke yao hawawezi kufanya yote. Halafu wakaweka watu 7 wenye sifa njema, wenye Roho na hekima. Na majina ya wale 7, Stefano, Filipo na wenzao, ni majina ya Kiyunani. Maana yake kazi iliwekwa mikononi mwa watu walioisikia lugha ya wale waliokuwa wanalia.

Kisha Luka anaandika kwamba Neno la Mungu lilienea na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana. Kumhudumia mjane hakukupunguza Injili. Kuliifungulia njia.

Upungufu ni kweli, katika serikali na katika kanisa. Lakini upungufu unauliza swali: nani atakuwa wa kwanza kuachwa? Dunia inajibu: yule asiye na sauti. Roho Mtakatifu anajibu: tafuteni watu 7.

Mjane wa Luka 18

Turudi sasa pale tulipoweka alama. Kulikuwa na mwamuzi asiyemwogopa Mungu wala kumjali mtu. Na mjane akawa anamwendea akimwomba haki juu ya mshitaki wake. Huyu mwamuzi Yesu hakusema amekosa fedha. Alikosa hofu ya Mungu. Mjane hakuwa na nauli, hakuwa na wakili, hakuwa na ndugu mkubwa mjini. Alikuwa na miguu yake na mlango wa mwamuzi. Alikwenda, akarudi, akaenda tena, mpaka mwamuzi akachoka naye.

Mara nyingi tunafundisha mfano huu kama somo la maombi, na ni somo la maombi kweli. Luka mwenyewe anasema hivyo mstari wa kwanza. Lakini tuangalie mjane aliomba nini. Hakuomba gari. Hakuomba visa. Aliomba haki. Na Yesu anasema Mungu atawapatia haki wateule wake wanaomlilia mchana na usiku. Basi mtu akija mlangoni petu anaomba haki, anaomba kitu ambacho Mungu mwenyewe ameahidi kutoa. Tukimrudisha, tumesimama upande wa yule mwamuzi, hata kama tumevaa koti la mchungaji.

Tufanye nini?

Kwetu tumekwisha kukubaliana mambo machache, na tunawasihi makanisa mengine yafanye vilevile.

Kwanza, kila mwezi sehemu ya sadaka inawekwa kando kabla ya matumizi mengine, kwa ajili ya pikipiki, hospitali na karatasi ya daktari ya mtu aliyepigwa. Si nyingi. Lakini ikikatwa, ni lazima ikatwe mbele ya kanisa lote, si katika kamati.

Pili, tumeweka wamama wawili wenye hekima wa kupokea wamama wenzao. Hatupokei tena mtu aliyeumia tukiwa wanaume watupu tumezunguka meza.

Tatu, baba anayempiga mke wake hasimami madhabahuni, hashiki sadaka wala haongozi maombi, hata kama yeye ndiye aliyenunua mabati yote. Atapewa mashauri, ataombewa, atasubiriwa. Toba yake itaonekana nyumbani kwake kwanza, na mke wake ndiye atakayetuambia, akiwa peke yake na wale wamama, bila kuogopa.

Nne, hatutamaliza mambo ya damu kwa mbuzi na soda. Kupatanisha ni kazi ya kanisa. Kuficha si kazi ya kanisa. Na ubakaji haumalizwi chini ya mwembe hata kidogo: sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inauhesabu kuwa kosa zito, na mchungaji anayeupangia amandi anashiriki dhambi hiyo.

Tano, tuwaombee wakubwa wa parke, waamuzi na polisi, kama Paulo alivyomwagiza Timoteo. Wengi wao ni washiriki wetu. Jumapili wanaketi kati yetu. Tunawaambia kwa upendo: ndugu, faili lile dogo lililo chini kabisa ya meza yako lina mtu ndani yake. Na mshahara ukichelewa, tunajua unachelewa, usimdai mama aliyepigwa aulipe yeye.

Na wewe mama unayetusikiliza na redio umeipunguza sauti ili asisikie: Mungu hakukuandika katika fungu la madogo. Kuvumilia si kukubali kuuawa. Njoo. Ukikuta mlango wetu umefungwa, piga tena kama yule mjane, na sisi tuone haya.

Na wewe baba unayepiga, leo unasikia kwa upole. Hakuna bajeti itakayopungua mbinguni siku ile. Kila faili litafunguliwa. Tubu leo, damu ya Yesu ingalipo.

Tuombe.

Baba, tusamehe milango tuliyofunga. Tusamehe maombi tuliyofanya ili tuondoke haraka. Wape haki wale wanaokulilia usiku, na utufanye sisi kuwa sehemu ya jibu lako. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki. Mpaka juma lijalo.